Choroa Aliyeitwa Mbuzi

Wasomi wakinikera huwa sigombani nao. Nasonya, nakwenda zangu. Lakini huyu Dokta wa ile shule ya Mikocheni nitamsema mpaka nichoke, maana alimgusa baba yangu, na aliyemgusa baba yangu simnyamazii. Jina lake silitaji. Sitaji jina la mtu yeyote humu ndani, wala msidhani ni adabu.

Nianze na baba. Baba alikuwa mchongaji. Alikuja Dar kutoka kusini akiwa kijana, na tangu hapo maisha yake yakawa gogo, tezo na patasi, kwenye banda la wachongaji kando ya barabara. Banda lile lilikuwa na desturi moja niliyoichukia tangu nina akili: chini ya kinyago hapaguswi. Huko juu chonga utakavyo, lakini pale panapokaa mezani paache patupu, pamepigwa msasa, laini. Mwenye duka akija kununua alikuwa anakigeuza kinyago kwanza, anaangalia chini. Akikuta jina la mchongaji anakirudisha, kwa sababu pale ndipo anapobandika karatasi yenye jina la duka lake. Vinyago vya baba vimefika nchi ambazo mwenyewe hawezi hata kuzitamka, na huko vinajulikana kwa jina la mtu ambaye ukimpa tezo atajikata mguu.

Baba hakuwa mlalamishi. Lakini alipoanza kupata mtoto wa jicho, macho yakaingia ukungu, siku moja tumekaa barazani kwetu Kiwalani, akangoja ndege ipite juu ya bati ndipo asikike, akaniambia, "Mama, siku nikifa hakuna hata kimoja utakachokishika useme hiki cha baba." Alikuwa ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nikamwambia aache maneno ya uchuro. Akaacha. Ila mie yalinikaa, na ndiyo maana shule ilipotafuta mchongaji nilimtaja baba kabla mwingine hajavuta pumzi.

Pale shuleni mie nilikuwa mtunza maabara. Naosha vyupa, napanga darubini, na kwa kuwa nilikuwa mwanamke basi na chai ya vikao napeleka mie. Mwenye shule alikuwa mama mmoja mwenye pesa na haraka, na mwaka ule alikuwa amejenga ukumbi wa viumbe ili wazazi waone ada yao inakwenda wapi. Kona moja msitu, kona nyingine bahari, kona ya tatu jangwa. Mchanga wa jangwa uliletwa na lori kutoka Kimbiji. Mchanga wa ufukweni, jamani, una vipande vya makombe na magamba ya kaa, eti ndiyo Kalahari! Mie na mlinzi wa getini tulicheka mpaka tukashikana mabega. Dokta alisimama pale unamwagwa, akasema unafaa kabisa kisayansi.

Dokta alikuwa mshauri wa huo ukumbi. Alisomea uainishaji, yaani kazi ya kuwapanga viumbe kwenye makundi na kuwapa majina ya Kilatini. Mnyama kwake lilikuwa jina kwanza, kwato baadaye. Mjusi akipita ukutani hamwangalii anavyokwenda, anataja Kilatini chake halafu anatukodolea macho sisi, aone kama tumeshtuka. Sasa huyo ndiye aliyesema kwenye jangwa letu la Kimbiji asimame choroa.

Choroa ni swala mkubwa wa nchi kavu, mwenye pembe ndefu zilizonyooka na mabaka meusi kwenye uso mweupe. Wapo hata kwetu, kwenye nyika za kaskazini, wenye vishungi vya nywele masikioni. Mtu ungedhani shule ya Tanzania itaweka choroa wa Tanzania. Thubutu! Walikaa vikao. Dokta akaeleza kwamba zamani choroa wa kusini mwa Afrika na hawa wa kwetu walihesabiwa spishi moja, baadaye wakatenganishwa, halafu huyu wetu wa vishungi wataalamu wengine wakasema ni spishi yake mwenyewe, wengine wakasema hapana, ni nususpishi tu ya yule wa Pembe ya Afrika. Wanabishana mpaka leo. Nilikuwa namimina chai. Nikauliza, "Kwani choroa dume akimwona jike huwa anamuuliza spishi?" Mwenye shule akacheka. Dokta akanitazama kama vile birika ndilo lililosema.

Mwisho wakamchagua yule wa kusini, wa Kalahari, kwa sababu kati ya choroa wote ndiye aliyetangulia kuandikwa kitabuni, na kwa Dokta kutangulia kuandikwa ndio utukufu wenyewe. Huyu wetu, aliyezaliwa hapahapa, akaachwa na vishungi vyake.

Basi nikamleta baba. Dokta, mtoto mdogo kwa baba kabisa, badala ya shikamoo akatoa "Vipi mzee." Nikameza. Baba akasikiliza shida yao, akakubali, akasema ana ombi moja tu. "Mniwekee kibao. Jina langu, kwamba hii ni kazi yangu." Mwenye shule akasema, "Hilo tu, mzee wangu? Utawekewa, tena cha shaba." Njia nzima ya kurudi Kiwalani baba alikuwa kimya, na mie nikajua amefurahi, maana baba akikasirika ndipo huongea.

Kabla hatujaondoka Dokta alikuwa amempa picha ya kuangalizia. Picha yenyewe kichwa na pembe, basi. Mwili ulikuwa umeishia kwenye ukingo wa karatasi. Baba aliisogeza mpaka ikagusa pua, akauliza, "Na kiwiliwili chake kikoje?" Dokta alikuwa na simu sikioni. Akajibu, "Mzee, kiuainishaji huyu yuko familia moja na mbuzi. We chonga tu."

Sasa nyie niambieni. Mzee wa kusini umwambie hawa wawili ni familia moja, ataelewa nini? Ataelewa ni ndugu, na ndugu hufanana. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kwa wataalamu ng'ombe naye yumo kwenye familia hiyohiyo, na nyati, na digidigi asiyefika hata gotini. Familia ya namna hiyo ikifanya arusi ukumbi haujai?

Nilimwonyesha choroa mzima kwenye simu yangu. Akasukuma mkono wangu taratibu. "Mama, hiyo kwangu ni taa tu." Wakati huo alikuwa anachonga kwa kupapasa. Kitu alichokishika alikiweza, asichokishika hakipo. Na jirani yetu, mama muuza mihogo, alikuwa na beberu mmoja jeuri, mla kanga za watu kwenye kamba. Baba alikuwa akimwita, anampapasa mgongo, mbavu, magoti, kisha anarudi kwenye gogo lake la mninga kabla mkono haujasahau. Beberu naye, aliyekuwa hakubali kuguswa na yeyote, kwa baba alisimama ametulia kama anapimwa suti.

Jioni moja narudi kazini nakuta mnyama ameota ndevu.

"Baba, choroa hana ndevu."

"Ndugu yake anazo."

"Na mkia wake mrefu, baba. Kama wa farasi."

"Gogo limekwisha, mama. Mkia mrefu nitautoa wapi? Huu wa mbuzi unamtosha."

Lakini pembe! Pembe zilikuwa kwenye picha, na picha ile baba aliilalia puani siku nzima nzima kwenye jua. Alizichonga kwa mpingo, kila moja peke yake, ndefu, nyembamba, na vile vikunjo vya duara vinavyoanzia kwenye shina na kupungua kadiri unavyopanda. Chini aliziachia ndimi za kuchomeka kwenye kichwa. Akazisugua kwa msasa mpaka zikawa baridi mkononi. Nilipozishika machozi yalinitoka, na mie si mtu wa kulia ovyo. Nilijua hizi ndizo za mwisho, macho yale hayakuwa na pembe nyingine ndani yake. Nikamwambia, "Baba, zimetoka." Akasema, "Basi waandike vizuri jina langu. Wasikosee herufi."

Siku ya kumpeleka mnyama shuleni, baba alivaa shati lake la kanisani. Mnyama akasimamishwa kwenye mchanga, pembe zikachomekwa. Kibao cha shaba kilikuwa tayari ukutani, kinang'aa. Baba akaninong'oneza, "Jina langu liko juu au chini?"

Nikasoma. Maneno mawili ya Kilatini kwa herufi za kulala. Kisha, ndani ya mabano, jina la mzungu na mwaka. Hakukuwa na kingine.

Bado sijamjibu baba, Dokta akaanza kumzunguka mnyama. Alizunguka, akainama, akashika mkia, akashika ndevu. "Lakini huyu ni mbuzi," akasema. Akarudia kwa sauti ili mwenye shule asikie kule mlangoni. "Mama, mzee ametuletea mbuzi!" Mwenye shule akaja, akaangalia, akacheka mpaka akajishika kiuno. Walimu wawili watatu nao wakacheka, maana tajiri akicheka mshahara nao hucheka. Baba alikuwa amesimama palepale, shati lake la kanisani, hajui aelekeze uso wapi.

"Na kibao changu?" akauliza.

"Kibao cha nini, mzee?" Dokta akasema. "Tukikusifia kwa hili tutakuwa tunawadanganya watoto. Umekosea mnyama."

Sijui nilipata wapi utulivu. Nilinyoosha kidole ukutani nikamuuliza huyo kwenye mabano ni nani. Dokta uso ukachangamka, kwa mara ya kwanza nimemuuliza swali la maana. Akasema ni bwana mmoja wa Ulaya ya kaskazini, aliyekaa kwake akawapanga viumbe wa dunia nzima na kuwapa majina. Anayetangulia kumpa mnyama jina, jina lake mwenyewe huandamana na mnyama huyo milele.

"Na mabano ni ya nini?"

"Hiyo ni kanuni. Maana yake, yeye alimweka kwenye jenasi nyingine, yaani kundi jingine ndani ya familia, wataalamu wakaja kumhamisha. Jina lake linabaki, ila linatiwa kwenye mabano."

"Alimweka kwenye jenasi gani?"

Hapo Dokta akakohoa. Akarekebisha miwani. "Ya mbuzi," akasema.

Wallahi nilidhani nimeota. "Alimwona?"

"Hapana, hakuwahi kufika Afrika. Alitumia maandishi ya waliotangulia, habari za pembe, mambo kama hayo."

"Kwa hiyo na yeye alipewa pembe, mwili hakuuona, akasema huyu mbuzi."

"Si sawa," Dokta akasema, sauti imepanda. "Yule aliainisha kwa elimu ya wakati wake. Mzee amekosea."

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Mtu wa Ulaya akimwita choroa mbuzi ni elimu, anapigiliwa shaba. Baba yangu akimwita choroa mbuzi, tena baada ya kuambiwa na Dokta huyohuyo kuwa ni familia moja, ni kichekesho cha walimu. Nilimshika baba mkono tukatoka. Hasira zilikuwa zangu, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza njiani.

Tulipofika nyumbani nikamweleza habari ya mabano, maana pale ukumbini maneno mengi yalimpita. Alisikiliza, halafu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kwa hiyo huko kwao ukikosea hawakufuti?"

"Hawakufuti, baba. Wanakutia kwenye mabano."

"Basi na mie wangenitia kwenye mabano." Akacheka tena. Kisha akakaa, ndege ikapita, akalisema lilelile mara ya pili, na safari hii hakucheka.

Nilikwenda kwa mwenye shule. Nikamwomba kibao kidogo tu, hata cha mbao, nitakiandika mwenyewe. Akaniambia huku anatafuta funguo za gari, "Mwambie mzee asijisikie vibaya, kazi yake hatuitupi, tutaitumia." Na kweli waliitumia. Walimchukua mnyama wakampeleka uwanja wa chekechea, watoto wampande. Ili asiwatoboe macho, pembe wakazichomoa. Sasa pembe zimefanywaje? Dokta aliona zimetoka vizuri mno kukaa stoo. Akaagiza zitundikwe ukumbini, juu ya mchanga wa Kimbiji, chini ya kile kibao chake. Wazazi wakija wanasimama pale, wanasoma Kilatini, wanasoma mzungu kwenye mabano, wanatazama pembe za baba yangu na kutikisa vichwa. Mmoja nilimsikia anauliza kama zimetoka Kalahari kwa ndege. Dokta akatabasamu tu.

Sikutaka baba ajue. Lakini baba hakuwa mtu wa kufichwa. Aliniuliza, "Mnyama wangu yuko wapi?" nikasema yupo. Akauliza tena kwa ule upole wake unaoumiza, nikamwaga yote. Akaingia ndani, akatoka amevaa shati la kanisani, mfuko wa kifua umening'inia kwa uzito. "Nipeleke," akasema.

Mlinzi alitufungulia bila neno, akampa baba shikamoo. Baba alitaka ukumbi kwanza. Nikamsogeza mpaka ukutani, akanyoosha mkono akazipata pembe. Alizishika moja moja kutoka juu mpaka chini, anahesabu vikunjo kwa kidole gumba. "Hizi zangu," akasema. "Nisomee tena pale." Nikamsomea. Akaitikia mwisho wa kila neno kama anasikiliza salamu za mgeni.

Kule chekechea ilikuwa saa ya uji, watoto wamekaa na vikombe vyao, mnyama yuko peke yake uwanjani. Baba alimpapasa mgongo. Ulikuwa umelainika kwa makalio ya watoto. "Wamempiga msasa kuliko mie," akasema, na nikaona amefurahi, kweli amefurahi. Akafika kichwani, vidole vikaingia kwenye yale matundu mawili. Kisha akapiga magoti, akalala chali kwenye vumbi na shati lake jeupe, akajivuta chini ya tumbo la mnyama. Akatoa patasi mfukoni.

Watoto wakaacha uji, wakaja kuchungulia. Babu anafanya nini? Babu anamtibu mbuzi. Na kwa bahati, nzuri au mbaya sijui, Dokta akatokea kwenye ujia na mafaili yake.

"We mzee! Unaharibu mali ya shule!"

Nikasimama katikati. Nikamwambia, "Haharibu, Dokta. Anaainisha."

Nilikuwa nimeingoja ile sentensi tangu siku ya shaba bila kujua naingoja nini. Dokta akasema ataniripoti. Aniripoti! Niliacha kazi ile mwenyewe kabla hajapata mtu wa kumpelekea umbea wake.

Chini ya tumbo baba hakuwa na habari naye. Alikuwa anachonga palepale pa chini, mahali ambapo maisha yake yote aliambiwa paachwe patupu kwa ajili ya jina la mwingine. Vumbi la mninga lilimdondokea usoni, naye hafumbi macho, ya nini kwake. Herufi zilikwenda polepole. Kisha akaniita, "Mama, hayo mabano yanakaaje?"

Nikainama, nikamshika kiganja, nikamchorea kwa ukucha wangu, moja huku, moja kule. Akasema kumbe ni kitu chepesi hivyo. Akachonga la kwanza, akachonga la pili, akapuliza.

Baba hayupo tena. Ukumbi upo, mchanga upo, sijui kama Dokta yupo na sina haja ya kujua. Yule mnyama naye yupo, mlinzi huniambia, watoto wapya wanampanda, na wanamwita mbuzi. Ndivyo alivyo.

Majina nimewanyima makusudi. Mwenye shule nimemnyima, Dokta nimemnyima pamoja na Kilatini chake, na yule bwana wa Ulaya nimemnyima kuliko wote, maana ana shaba ya kutosha. Wakae humu kama baba alivyokaa kwenye maduka ya watu, wajionee. La baba yangu nalo siliandiki. Lipo Mikocheni, chini ya tumbo la mbuzi, kwenye mabano. Anayelitaka ainame.